Tembo wanakwisha au wamezidi?

Kuna ubishi ambao kila ukizuka haufiki mwisho. Mmoja atasema tembo wanakwisha, na tusipoangalia wajukuu zetu watawaona kwenye noti ya shilingi elfu kumi tu. Mwingine, mara nyingi mtu wa Tunduru, Liwale, Bunda au Mwanga, atamcheka: wanakwisha wapi, na juzi wameshinda kwenye mahindi yangu usiku kucha? Wa kwanza ana takwimu za bara zima. Wa pili ana shamba. Ajabu ni kwamba hakuna anayesema uongo, na ukishaona inavyowezekana wote wawili kusema kweli, habari ya tembo umeielewa karibu yote.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayomtisha yule wa kwanza. Mwaka 1976 eneo la hifadhi za Selous na Mikumi peke yake lilikadiriwa kuwa na tembo zaidi ya 100,000. Mwaka 2013 waliohesabiwa kwa ndege eneo hilohilo walikuwa kama 13,000. Kwa nchi nzima, Tanzania ilikadiriwa kuwa na tembo takriban 110,000 mwaka 2009. Mwaka 2014 wakabaki 43,330. Tofauti hiyo ukiigawa kwa siku za miaka mitano, unapata upungufu wa tembo 36 hivi kila siku, Idi na Krismasi zikiwemo. Sensa Kuu ya Tembo iliyofanyika katika nchi 18 za Afrika ilipata tembo wa mbuga (bila wale wa misituni) 352,271, ikakadiria kuwa kati ya 2007 na 2014 walikuwa wamepungua kwa asilimia 30. Mwishoni mwa miaka ya 1970 bara zima lilidhaniwa kuwa na tembo milioni 1.3.

Lakini mteremko huo haukuwa wa moja kwa moja. Ulikuja kwa mawimbi mawili, na kati yake pakawa na nafuu.

Wimbi la kwanza lilikuwa la miaka ya 1970 na 1980. Likavunjwa mwaka 1989, pale mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulipopiga marufuku biashara ya pembe za ndovu baina ya nchi na nchi. Mwaka huohuo Tanzania iliendesha Operesheni Uhai dhidi ya majangili, na Kenya, chini ya Rais Moi, ikachoma tani 12 za pembe mjini Nairobi mbele ya kamera za dunia. Bei ikaanguka, tembo wakapumua. Wimbi la pili likaanza karibu miaka 20 baadaye, na hapa ndipo wataalamu wanapogombana hadi leo. Mwaka 2008 nchi nne za kusini mwa Afrika, yaani Botswana, Namibia, Zimbabwe na Afrika Kusini, ziliruhusiwa kuuza kwa mara moja zaidi ya tani 100 za pembe kwa China na Japani. Waliounga mkono walisema soko likishiba bidhaa halali, ya magendo itakosa mnunuzi. Waliopinga walisema duka lenye leseni ndilo kichaka kizuri zaidi cha kufichia mali ya wizi, maana pembe ikishachongwa kuwa bangili haisemi ilikotoka. Sidhani kama kesi hiyo itapata hukumu siku moja, kwa sababu uchumi wa China nao ulikuwa unapaa miaka hiyohiyo. Ila kilichotokea Selous baada ya 2008 kinanifanya niegemee upande wa waliopinga. Tanzania yenyewe iliomba mwaka 2010 iuze tani kama 90 zilizokuwa ghalani, ikakataliwa.

Sisi watu wa lugha hii hatuwezi kujifanya wageni katika biashara hiyo. Karne ya 19 Zanzibar ilinawiri kwa pembe pamoja na karafuu na watumwa. Misafara iliteremka kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, pembe zikiwa mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi, na kutoka Zanzibar zikavuka bahari hadi vijiji vya Connecticut huko Marekani, zikapasuliwa kuwa vibonye vya piano. Kiswahili bado kina makovu ya biashara hiyo. Pembe ndogo ilikuwa na jina lake, kalasha, na ya kadiri jina lake, buri. Mtu hawezi kuwa na msamiati wa namna hiyo bila kupima na kuuza kila siku. (Hata jina la mnyama linategemea unasimama wapi: mtu wa pwani ukimwambia tembo, anaweza kukuletea pombe ya mnazi. Wake ni ndovu.)

Polisi wetu husema "meno ya tembo", na wako sahihi kuliko sisi tunaosema pembe. Ni meno kweli, yale ya mbele ya taya la juu, yanayoota bila kukoma maisha yote ya mnyama. Karibu theluthi moja imezama ndani ya fuvu. Ndiyo maana jangili hawezi kukata kipande akaondoka kama mtu anayepogoa mti. Anayetaka jino zima sharti apasue uso kwa shoka, na kwa hilo lazima mnyama awe amekufa, au anakaribia kufa.

Aliyeshika shoka kwa kawaida ni mtu maskini anayejua njia za porini. Nyuma yake kuna aliyemkodishia bunduki, kisha aliyemkusanyia mzigo mjini, kisha aliyepanga makasha ya bandarini na karatasi za forodha, na kila hatua bei inapanda. Novemba 2013 polisi waliingia kwenye nyumba moja Mikocheni, Dar es Salaam, wakakuta meno 706 yakiwa yamechanganywa na makombe ya konokono na vitunguu saumu. Meno 706 ni zaidi ya tembo 350 ndani ya nyumba moja ya mtaa wa watu wenye uwezo, na kati ya hao hakuna aliyefia Mikocheni. Mwaka 2015 kundi la wanasayansi wa Marekani likiongozwa na Samuel Wasser lilitumia DNA ya shehena kubwa zilizokamatwa sehemu mbalimbali za dunia kutafuta zilikotoka. Meno ya tembo wa mbuga yalielekeza zaidi sehemu moja: kusini-mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, yaani Selous na Niassa.

Serikali ilijaribu kwanza njia ya mabavu. Operesheni Tokomeza ya Oktoba 2013 ilisitishwa ndani ya wiki chache baada ya Bunge kuelezwa juu ya wananchi kuteswa, kunyang'anywa mifugo na hata kuuawa, na kabla ya mwaka kwisha mawaziri wanne wakaondoka kwenye nafasi zao. Kilichosaidia zaidi kilikuja baadaye na hakikuwa na kelele: upelelezi uliofuata simu na fedha badala ya nyayo. Februari 2019 mahakama ya Kisutu ilimhukumu Yang Fenglan, mfanyabiashara wa Kichina aliyebatizwa na magazeti jina la Malkia wa Pembe, kifungo cha miaka 15 pamoja na Watanzania wawili. Mama huyo alikuwa amefika nchini mara ya kwanza miaka ya 1970 kama mkalimani wa Kiswahili wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA. Kazi hiyo ina gharama zake: Agosti 2017 Wayne Lotter, mwanzilishi mmoja wa taasisi ya PAMS iliyosaidia upelelezi huo, alipigwa risasi Masaki, Dar es Salaam, na kufa.

Upande wa wanunuzi nao ukabadilika. Mwisho wa 2017 China ilifunga soko lake halali la pembe. Bei ya jumla ya pembe ghafi huko, iliyokuwa dola 2,100 kwa kilo mwanzoni mwa 2014, ilikuwa imeshuka hadi kama dola 730 mwanzoni mwa 2017, hata kabla milango haijafungwa. Ujangili Tanzania ukapungua mno, na miaka ya karibuni serikali imekuwa ikitaja tembo takriban 60,000. Hawa ndio wanaomkuta mkulima wa Tunduru shambani.

Ila tusikimbilie kwa mkulima kabla ya kuona kitu ambacho hesabu ya vichwa haionyeshi. Tembo jike hubeba mimba miezi 22, huanza kuzaa akiwa na miaka kama 12, na kati ya ndama mmoja na mwingine hupita miaka minne au mitano. Kundi likiwa na maji, malisho na amani, linakua kwa asilimia tano hivi kwa mwaka. Kwa mwendo huo, kutoka 43,000 kurudi 110,000 ni karibu miaka 20 bila mkosi hata mmoja. Kilichopotea ndani ya miaka mitano kinadai miongo miwili kurudi.

Na si idadi tu inayopotea. Jangili huchagua wenye meno makubwa, na wenye meno makubwa ndio wazee. Familia ya tembo huongozwa na jike mzee, bibi wa kundi, na ndani ya kichwa chake mna ramani. Mwaka 1993 Tarangire ilipata ukame mkali uliodumu miezi tisa, na ndama 16 kati ya 81 waliokuwa wakifuatiliwa wakafa. Waliotoka nje ya hifadhi kutafuta maji hawakupoteza wengi. Waliobaki ndani ndio walioumia, na walikuwa ukoo uliokuwa umemalizwa zaidi na ujangili wa miaka ya nyuma. Watafiti waliona maelezo haya: ukame wa namna hiyo ulikuwa haujaonekana tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo aliyekumbuka pa kwenda ni mzee tu. Ukoo ule ulikuwa hauna wazee wa kutosha.

Kumbukumbu hiyo inatuhusu hata sisi binadamu. Huko Amboseli, Kenya, watafiti waliwachezea tembo sauti zilizorekodiwa za watu wakisema maneno yaleyale. Sauti ya mwanamume wa Kimaasai iliwafanya wajikusanye na kurudi nyuma. Ya mwanamume wa Kikamba haikuwashtua kiasi hicho, wala ya mwanamke wa Kimaasai, wala ya mtoto. Wanajua nani hubeba mkuki.

Mahali pengine mabadiliko yameingia hadi kwenye damu. Vita vya Msumbiji, 1977 hadi 1992, viliacha mbuga ya Gorongosa na sehemu ndogo sana ya tembo wake. Kabla ya vita majike wasio na meno ya nje walikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Baada ya vita wakawa nusu. Asiye na meno hana thamani kwa mwenye bunduki, basi alibaki akazaa. Unaweza kuona hiyo ni kinga nzuri, hadi usome matokeo ya mwaka 2021: urithi unaomnyima jike meno unaonekana kuua ndama dume tumboni.

Sasa twende shambani.

Sensa ya 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3. Sensa ya 2022 ilipata milioni 61.7. Hakuna ubaya katika hilo, watu wanazaa na wanalima, lakini ardhi haikuongezeka hata ekari moja. Miaka ambayo ujangili uliwafagia tembo ndiyo miaka watu walipofungua mashamba mapya pembezoni mwa hifadhi. Wafugaji walioondolewa bonde la Ihefu, mkoani Mbeya, mwaka 2006 wakaelekezwa Lindi na Pwani pamoja na ng'ombe wao. Mtu aliyepewa shamba mwaka 2010 mahali ambapo hapajaonekana tembo kwa muda mrefu alikuwa na kila sababu ya kuamini pale ni pake. Halafu bunduki zikanyamaza, na tembo wakaanza kupita kwenye njia za bibi zao. Mkulima anaona wageni wamemvamia. Tembo naye, kama angeulizwa, angejibu hivyohivyo.

Hivyo "wamezidi" ya mkulima haina maana kwamba ni wengi kuliko zamani. Ni wachache kuliko zamani katika nafasi iliyopungua haraka kuliko wao. Ukiwa na tembo wawili sebuleni, utasema wamezidi.

Tembo mkubwa huhitaji chakula cha kilo 150 hivi kwa siku. Porini hiyo ni kazi ya mchana na usiku: gome hapa, tawi pale. Shamba la mahindi yanayokaribia kukauka ni mlo uliopangwa mistari kwa ajili yake. Wanaothubutu zaidi ni madume, nao huja gizani kwa sababu wanajua saa za binadamu. Mkulima anapanda dungu na debe na tochi, mkewe anakoka moto, watoto wanaamka kusaidia kupiga kelele na asubuhi wanasinzia darasani. Gharama hiyo ya usingizi haimo katika jedwali lolote la hasara. Na wakati mwingine anayekutana na tembo njiani kabla ya mapambazuko harudi nyumbani.

Sheria ya Tanzania haiiti malipo yake fidia, na uteuzi wa maneno si wa bahati mbaya. Kwa mazao ni kifuta jasho, kwa mtu aliyeuawa au kujeruhiwa ni kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni moja kwa kifo. Kwa mazao ziliweka kati ya 25,000 na 100,000 kwa ekari, kutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, zisizidi ekari tano. Aliyelima ndani ya nusu kilomita hakuhesabiwa. Kenya ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya 2013 inataja shilingi milioni tano za Kenya kwa mtu aliyeuawa, lakini ahadi kubwa hutaka mfuko mkubwa, na madai yamelundikana miaka kwa miaka. Mtu aliyesubiri malipo miaka mitatu hatamtetea tembo mbele ya mwenye gobore, wala hatamzuia jirani anayetia sumu kwenye maboga. Hapo ujangili unarudi kwa mlango mwingine, safari hii bila mnunuzi wa pembe. Umebebwa na hasira tu.

Ziko mbinu za kumfukuza mnyama bila kumuua, na baadhi zinafurahisha. Tembo ana pua inayonusa maji ya mbali, kwa hiyo pilipili ni adui yake. Watu hupaka kamba oili chafu iliyochanganywa na pilipili na kuzungushia shamba, au huchoma matofali ya kinyesi na pilipili moshi ukafuata upepo. Kaskazini mwa Tanzania walinzi wa mashamba wamewahi kujaza unga wa pilipili na fataki ndani ya kondomu na kuirusha. Ikipasuka, tembo anaondoka huku anapiga chafya. Kisha kuna nyuki. Huko Sagalla, kando ya Tsavo Mashariki, Lucy King na wenzake walifunga mizinga kwenye waya kuzunguka mashamba: tembo akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Utafiti wao wa miaka kadhaa ulionyesha kuwa misimu ya mavuno mazuri uzio huo uliwarudisha hadi asilimia 86 ya tembo waliokaribia. Mkulima akabaki na mahindi na asali. Ila ukame ukipiga nyuki huhama, mizinga ikabaki mitupu, na tembo wenye njaa hugundua mapema.

Ukame wenyewe si wa mzaha. Kati ya Februari na Oktoba 2022 Kenya ilihesabu mizoga ya tembo 205 waliokufa kwa kukosa maji na malisho. Zamani kundi lingehama. Leo katikati ya njia kuna uzio, reli, au shamba la mtu.

Na mpaka wa nchi. Tembo wa Amboseli huvuka kwenda Enduimet, Tanzania, kama mtu anayekwenda kwa shemeji. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977. Tanzania inautoza ada na kuvigawia vijiji sehemu ya mapato. Kati ya 2023 na 2024 madume kadhaa wenye meno makubwa, wanaoaminika kuwa wa kundi la Amboseli lililofuatiliwa kwa miongo, waliuawa upande wa Tanzania na wawindaji wenye vibali halali, na maneno yakawa makali pande zote. Hoja ya mapato ya vijiji ina uzito, sitaki kuidharau. Lakini dume mwenye meno ya kufika chini ana miaka zaidi ya 40 na ndiye majike humchagua. Hakuna ada inayomleta mwingine kabla ya miaka 40 mingine.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya ardhi kuliko ya bunduki: kuacha shoroba, njia za kupitia wanyama kati ya hifadhi na hifadhi, kabla hazijajengwa. Tanzania ilitunga kanuni za shoroba mwaka 2018. Kwenye karatasi ni rahisi. Ardhini kila ushoroba una mwenye shamba, mwenye ng'ombe na mwenyekiti wa kijiji ambaye aligawa viwanja zamani.

Mfano ni Kwakuchinja, ukanda mwembamba unaounganisha Tarangire na Ziwa Manyara. Vijiji vya Burunge vimetenga ardhi yao kuwa jumuiya ya hifadhi, lakini katikati inapita barabara kuu ya Arusha kwenda Babati na Dodoma, na jirani kuna Minjingu na kiwanda chake cha mbolea, mashamba na nyumba zinazoongezeka. Kola za setilaiti walizovishwa tembo huko Kenya zilionyesha jinsi wanavyovuka sehemu za namna hii: hawali njiani, hawasimami, wanakwenda mbio hadi wafike upande wa pili. Mchana hukaa vichakani wakisubiri. Malori yakipungua usiku, ndipo bibi anapotanguliza mkonga barabarani, ananusa lami, na wengine wanamfuata.